Jogoo Diwani na Mtambo wa Kutoa Mafuta kwenye Mawe

Kabla sijaanza kujicheka, wacha niwataje waliokuwapo, maana shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole lakini jina la mtu halinipotei. Alikuwapo Naliaka, mtoto wa mwanangu Simiyu, na mtambo ulikuwa wake. Alikuwapo Barasa, fundi wa kuchomelea vyuma, mtoto wa dada yangu Nasipondi aliyeolewa Matulo, na karakana ile ya Kitale ni yake. Alikuwapo Zainabu anayepika chapati mlangoni pa karakana, pamoja na mume wake Maalim Idi wa msikiti wa nyuma ya soko. Halafu wageni wenyewe, watatu, kutoka Bungoma: Daktari Wafula, mwalimu wa Naliaka wa chuoni (si daktari wa sindano, ni wale wa kusoma mpaka vitabu vinaisha), Injinia Cherop, mama mrefu mwenye sauti ya pole, na Bwana Hamisi, mwenye uwanja ule mkubwa ambao mtambo ungejengwa ukikubaliwa. Mimi ni Rosa Nekesa wa Kamukuywa, nyanya yake Naliaka, yaani kukhu, ndivyo sisi tunasema. Na alikuwapo jogoo wangu kwa jina Diwani, nilimwita hivyo kwa sababu alikuwa anapiga kelele tangu alfajiri na hakuna kazi yoyote unaona amefanya.

Aibu yenyewe nitaitoa mapema isije ikanikaba. Siku wageni walikuja kuona mjukuu wangu akitoa mafuta kwenye mawe, mimi nilinyonyoa kuku ndani ya mtambo wake.

Sasa msicheke bado, mtamaliza kicheko na mambo hata hayajaanza.

Huyu Naliaka alikuwa anachora huo mtambo kwenye meza yangu kule Kamukuywa kila likizo, anachora anafuta, anachora anafuta, mpaka nikamwambia hiyo karatasi itatoboka uanze kuchora meza. Kuna mawe fulani meusi, yamelala tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizosahauliwa kwenye sahani, wasomi wanayaita shale, yeye aliletewa gunia zima kutoka upande wa pwani. Mimi nikalishika moja, nikalinusa, nikaona ni jiwe tu kama jiwe lingine la kutupia mbwa. Lakini akanieleza mpaka mtu asiyesoma kama mimi nikaona picha kichwani. Alisema, "Kukhu, ukichoma hili jiwe wazi hivi, mafuta yake yote yanaungua, unabaki na moshi. Lakini ukilifungia ndani ya chungu cha chuma, hewa isiingie kabisa, ukawasha moto chini, jiwe linatokwa na jasho. Hilo jasho ni mvuke. Mvuke unapita kwa paipu, paipu inajizungusha ndani ya pipa la maji baridi, na mvuke ukishahisi baridi unarudi kuwa mafuta unadondoka kwa chupa."

Nikamuuliza, "Na huo upishi unaitwaje?"

"Pairolisisi."

Hilo neno nililifanyia mazoezi asubuhi nikikamua ng'ombe, nikilisema vibaya ng'ombe anageuka kuniangalia.

Aliniambia na mambo mengine, na hapa ndipo mnisikilize vizuri ili baadaye msiseme sikuambiwa. Alisema moyo wa mtambo si moto, moto kila mtu anajua kuwasha, moyo ni yale maji baridi. Maji yanaingia kwa mfereji wa kufungua na kufunga ulio chini ya pipa, yanatoka juu kwa mpira yakiwa yamepata joto, na lazima yatembee wakati wote. Na kuna gesi nyingine ngumu haigeuki mafuta hata uifanye nini, hiyo inarudi kusaidia moto, ikizidi ina paipu yake ndefu ya kutokea juu. Mimi nikawa naitikia mm, mm, kama mtu amesikia.

Basi Barasa akauchomelea, mtambo mdogo wa kuonyesha tu, chungu chenyewe kimo cha kiuno cha mtu mzima, na Daktari Wafula akasema neno lake la mwisho. Alisema atakuja Kitale na wenzake, anataka kuona mafuta yakidondoka bila kukatika mpaka chupa ijae. Chupa ikijaa, mtambo mkubwa unajengwa kwa Bwana Hamisi kule Bungoma, na Naliaka ndiye ataenda kuusimamia. Isipojaa, uwanja anapewa kijana mwingine aliyekuwa na mpango wa matofali, na Naliaka anarudi dukani kwa mjomba wake kuuza vifuniko vya simu. Miaka yote ya kuchora na kufuta ilikuwa imewekwa ndani ya hiyo chupa moja.

Mimi ningekaa nyumbani namna gani? Nilifika Kitale jioni ya kuamkia siku hiyo, gauni langu la kanisa kwa mfuko na Diwani kwa kikapu. Naliaka kuona kikapu kinatikisika akashika kichwa.

"Kukhu, nilisema kuja tu ukae. Usifanye kitu."

"Na wageni watoke kwangu na njaa?"

"Si kwako, Kukhu. Ni karakana."

"Barasa ni mtoto wa dada yangu. Mahali mtoto wa dada yangu anachomelea ni kwangu."

Barasa akacheka akasema, "Hapo amekushinda, bana. Wacha kuku akae."

Asubuhi wakawasha moto mapema. Nyinyi watu, hata leo nikisimulia mikono inasisimka. Chungu kikaanza kuguna, mshale wa kupimia joto ukapanda, Naliaka anauangalia kama mama anaangalia maziwa yasifurike, na kwanza yakatoka maji matupu, tone, tone, nikasema basi, jiwe limekojoa tu. Halafu tone moja likaja na rangi, la pili likawa kahawia kama chai ya rangi ya matanga, zito, linang'aa, na harufu yake ni kama taa ya koroboi imeanguka kwenye mayai viza. Mafuta. Kutoka kwa jiwe. Nilipiga vigelegele mpaka mafundi wa mabati wa kando wakaacha nyundo wakaja kusimama kwenye ua, na Naliaka akanikumbatia na masizi yake yote, gauni langu la kanisa likapata doa hapo hapo na sikujali.

Kwa ile furaha mwili ulikuwa hauwezi kutulia, nikasema sasa kazi yangu. Kwa vile Bwana Hamisi ni Mwislamu, Maalim Idi ndiye alimchinja Diwani, ili mtu asikae mezani akiuliza maswali. Nikarudi na jogoo wangu kwa Zainabu kuomba maji ya moto ya kumnyonyoa. Zainabu jiko moja lina chapati, lingine lina maharagwe, na wateja wamepanga foleni na sahani.

"Kukhu, ngojea kidogo," akaniambia, "nikitoa maharagwe nakuwekea sufuria."

Kama ningengojea hicho kidogo, singekuwa na cha kuwaandikia leo.

Lakini nani anangojea na wageni wako njiani? Nikazunguka nyuma ya mtambo, na nikaona ule mpira wa juu ya pipa unamwaga maji kwenye mtaro, maji yana joto, yanaenda bure. Mimi nimelelewa na mama ambaye hata maji ya kuoshea mchele anapea ndama. Nikakinga beseni. Nikagusa, ni ya vuguvugu tu, ya kuogesha mtoto, na kuku hanyonyoki kwa maji ya kuogesha mtoto, anataka maji yanayouma. Nikaangalia huku na huku. Naliaka alikuwa mbele anafuta ubao wa mchoro, Barasa yuko langoni. Nikaona mfereji pale chini, nikakumbuka kwamba maji yakipita polepole yanapata joto zaidi (unaona, nilikuwa nimesikiliza, ila nilisikiliza nusu), nikaupunguza. Kidogo tu, kama mtu anapunguza redio mchungaji akipita.

Maji yakaanza kuwa matamu. Nikangoja, nikagusa, nikangoja, na nikaona sasa huku juu kwenye pipa lenyewe ndiko yanachemka vizuri, ya nini kusumbuka na beseni? Nikamshika Diwani miguu nikamzamisha ndani ya pipa, kichwa kwanza, nikamzungusha, nikamtoa. Manyoya yalitoka yenyewe bila ugomvi. Ninawaambia ukweli, sijawahi kunyonyoa kuku kwa raha kama hiyo tangu nizaliwe, unashika unavuta unatupa, na mengine yanabaki yakielea huko ndani, nikasema nitayaokota nikimaliza.

Sikumaliza. Nilikuwa nimefika mgongoni, shingo na kifua uchi kabisa, mkia na mabawa bado yamevaa, ndipo nikasikia gari, na sauti ya Naliaka, ile sauti yake ya Kiingereza cha wageni halafu ikageuka, "Kukhu, kuja usalimie."

Nikafuta mikono kwa gauni. Mkono mmoja. Ule mwingine niliusahau, na kwa furaha ya kuona Bwana Hamisi na kanzu yake nyeupe namna ile, ananyoosha mkono, mimi nikamnyooshea wa kulia. Ndio ulikuwa na jogoo.

Akaangalia Diwani, shingo inaning'inia maji yanatiririka kwenye viatu, akaniangalia mimi.

"Mama, na huyu pia ni wa kamati?"

Mafundi wa mabati walicheka, Injinia Cherop akageuka upande akakohoa, Daktari Wafula hakucheka, alitazama tu saa. Nikamrudisha Diwani mgongoni, nikasalimia kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mama yangu angefufuka kunichapa, na nikasimama hapo kwenye safu na jogoo nimemficha nyuma kama mtoto ameiba sukari. Nilikuwa bado nafikiri kwamba hiyo ndiyo aibu ya siku.

Naliaka akaanza. Jamani, mtoto anajua kusema. Akaonyesha kwa fimbo kwenye ubao, mawe yanaingia hapa, hewa inazuiwa hapa, joto linapanda namna hii, na kule Bungoma chungu kitakuwa mara nyingi ya hiki na kitalishwa mawe kutoka juu bila kusimamisha kazi. Injinia Cherop anauliza, anajibiwa. Bwana Hamisi anauliza moshi utaenda wapi maana kuna majirani, anajibiwa. Na wakati wote huo chupa inadondokewa, imefika kama robo, mimi moyo unapiga kama ngoma ya isukuti.

Halafu Barasa akasogea, akasema kwa sauti ya chini lakini mimi nilikuwa karibu, "Naliaka, chupa imenyamaza."

Nikaangalia chupa. Kweli, hakuna tone. Badala ya tone, mdomo wa chupa unatoa moshi mweupe kama mtu anavuta kiko, na ule uvundo wa mayai ukaja mzito mpaka Daktari Wafula akafunika pua kwa tai. Mtu mmoja kati ya wale mafundi akasema, "Hiyo ni gesi," na wenzake hawakungoja aeleze, wakaruka ua kama mbuzi.

Hapo ndipo nilikumbuka mfereji.

Ningesema. Neno moja tu, "Naliaka, nimepunguza maji," lingetosha. Lakini aibu ya jogoo ilikuwa bado inanichoma, nikasema nitaurekebisha polepole na hakuna mtu atajua. Nikajongea upande upande kama kaa, nikafika kwenye mfereji, nikainama, na kwa woga nikaufungua wote mara moja.

Yale maji yalikuja na nguvu, na huko juu mpira wa kutolea ulikuwa umeziba kwa manyoya ya Diwani. Maji yakikosa njia yanajitengenezea. Pipa likajaa, likafurika pande zote, na juu ya mafuriko hayo yakaja manyoya, mekundu na meusi na yale ya kijani ya shingoni, yakatelezea kwenye viatu vya wageni, mengine yakapanda kanzu ya Bwana Hamisi, na maji yakaenda moja kwa moja kwenye moto. Pshaa. Mvuke, majivu, masizi, hata mimi sikumwona tena Diwani na nilikuwa nimemshika.

Naliaka hakupiga kelele. Hicho ndicho nakumbuka kuliko vyote. Nilisikia sauti yake ndani ya ule moshi, imetulia kama anaomba chumvi mezani, "Barasa, paipu ya juu. Washa. Wageni, nyuma ya ukuta tafadhali." Akashika valvu ya gesi kwa kitambaa akaizungusha, chupa ikaacha kuvuta kiko, Barasa akainua kijiti chenye kitambaa cha moto, na kule juu ya ile paipu ndefu mwali ukasimama, mrefu, unanguruma, gesi yote inaungua huko juu mahali haidhuru mtu. Mafundi wa mabati wakarudi kichwa kimoja kimoja juu ya ua, wakapiga makofi, walidhani ndiyo onyesho lenyewe.

Moshi ukapungua. Na watu wote, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama mimi nimesimama kando ya mfereji, gauni la kanisa limelowa, na jogoo nusu uchi mkononi.

Daktari Wafula akaokota unyoya kwenye kiatu chake, akauinua.

"Naliaka. Kwenye mchoro wako hii kitu sikuiona."

"Hata mimi, Daktari," akasema mjukuu wangu.

"Ni mimi," nikasema. "Mtoto hana makosa. Nilikuwa nataka maji ya moto, nikapunguza mfereji, nikamwosha kuku humo ndani."

"Ndani ya pipa?"

"Ndani ya pipa."

Bwana Hamisi ndiye alianza kucheka, akashika ukuta, kanzu yake ina manyoya kama malaika aliyepigana. Injinia Cherop naye akashindwa. Lakini Daktari Wafula akafungua mkoba akatia karatasi zake ndani.

"Tulikubaliana bila kukatika," akasema. "Imekatika. Mimi sina neno lingine, tunarudi Bungoma."

"Daktari," akasema Injinia Cherop, "maji yamekosekana katikati ya kazi na hakuna mtu ameungua. Hiyo huwa tunaomba Mungu tusiione."

"Na chupa iko wapi? Nitaandika nini, ati nimeona moto mzuri?"

Naliaka alikuwa anafuta miwani yake na pindo la ovaroli, anafuta tu, miwani ishakuwa safi na bado anafuta. Mimi nikaona duka la mjomba wake, nikaona vifuniko vya simu vimetundikwa, na ni mimi nimemrudisha huko kwa sababu ya kunyonyoa kuku. Nikasema lile neno pekee nililokuwa nalo, na Mungu ni shahidi haikuwa hila, lilinitoka tu kwa sababu ndivyo nimekuzwa.

"Basi wageni wangu, kwenda hamwezi. Kuku ameshachinjwa."

Daktari Wafula akasimama na mkoba nusu wazi.

Sasa nyinyi mnajua mtu wa kwetu. Mwambie barabara imefungwa, atazunguka. Mwambie mvua inakuja, atakwenda nayo. Lakini mwambie kuku ameshachinjwa kwa ajili yake halafu aondoke bila kuonja, huyo ameitukana nyumba hiyo, na wajukuu watakuja kuambiwa ni fulani ndiye aliacha kuku wa watu kwa sufuria.

"Amechinjwa kwa ajili ya nani?" akauliza, sauti imeshuka.

"Kwa ajili yako, Daktari. Huyu hapa, si unamwona." Nikamwinua.

Akamtazama Diwani. Halafu akavuta kigoda akakaa. "Tutakula," akasema. "Lakini kula si kukubali."

Nikamwambia hapana, kula ni kula.

Zainabu akaondoa maharagwe yake kwa moto bila hata kuombwa. Tukammaliza yule jogoo kwa maji ya sufuria, kama watu wenye akili, tukamkata, tukamweka. Na mjue Diwani alikuwa amezeeka, misuli yake ni ya kukimbiza majirani miaka mingi, kuku kama huyo haivi kwa kuharakishwa. Huko nyuma Naliaka na Barasa wakachomoa mpira, wakautoa manyoya kwa waya, wakakoka moto upya, na maji baridi yakaanza tena safari yake. Mshale ukapanda. Halafu tone.

Daktari alikuwa amegeuzia chupa mgongo. Kila nikienda kukoroga sufuria nikirudi naona kigoda chake kimesogea, na mgongo umekuwa bega, na bega limekuwa sikio. Mawe yale, Naliaka alisema, yalikuwa sasa ndiyo yamefika joto lake lenyewe, na mafuta yakaja kama kamba, si kwa tone, kahawia yanang'aa, chupa ikafika nusu.

Zainabu akachoma nyama kwa uma akaninong'oneza, "Kukhu, amelainika huyu."

Nikaangalia chupa. "Bado," nikasema.

"Kukhu, nyama inaachana na mfupa."

"Ongeza maji kidogo, Zainabu. Meno ya wageni si ya kuchezea."

Akaniangalia, akaangalia kule kwenye chupa, akaelewa. Akaongeza maji. Tena akaanza kukaanga vitunguu upya polepole, kimoja kimoja, kama mtu anavifahamu kwa majina. Bwana Hamisi akauliza kama huyu ni kuku au ni ndama, na Maalim Idi akamjibu kwa upole kwamba subira huvuta heri.

Chupa ikafika shingoni. Hapo ndipo nilisema ameiva.

Tukala hapo hapo karakana, juu ya bati lililofunikwa kwa leso ya Zainabu, chapati na mchuzi, na watu wakawa hawasemi, ni kula tu. Mimi ndiye niligawa. Firigisi nilimwekea Daktari Wafula, maana kwetu hiyo ni sehemu ya mkubwa wa meza, mwanamume mwenye heshima zake, na mwanamke hata awe amezaa mapacha mara ngapi haigusi. Naliaka alikuwa bado amesimama kando ya chupa, hakutaka kukaa mpaka tone la mwisho. Likaanguka, mafuta yakagusa mdomo wa chupa, akafunga mfereji wa mafuta, akaja kukaa na mikono yake myeusi.

Daktari akauliza, "Imejaa?"

"Imejaa, Daktari."

Akatazama chupa. Akatazama sahani yake. Halafu akaichukua ile firigisi kwa vidole, akanyoosha mkono juu ya bati lote, juu ya chakula cha watu wote, akaiweka kwenye sahani ya Naliaka.

Barasa aliacha kutafuna. Naliaka aliangalia firigisi, akaniangalia mimi kana kwamba ananiomba ruhusa, na mimi mwenyewe nikiwa na umri huu sijawahi hata kuilamba, nikamwambia, "Kula, mama." Akala. Alitafuna kwa muda mrefu, nilishawaambia Diwani alikuwa mzee, na alipomeza Daktari akasema, "Sasa tuongee juu ya uwanja wa Bwana Hamisi."

Mtambo unajengwa Bungoma hivi sasa, nimeenda kuuona, vyungu vyenyewe mtu anaweza kusimama ndani. Mfereji wa maji umezungushiwa wavu wa chuma na kufuli, na ufunguo anakaa nao Naliaka mwenyewe, na nikisogea karibu Barasa anajifanya ananikagua kikapu. Sijakasirika. Nimeapa mbele ya Zainabu kwamba maji yanayotembea sitayagusa tena kabla ya kumuuliza mwenyewe yanaenda kazi gani, na nikikosea kitu nitasema hapo hapo bila kujongea upande upande, kwa maana kule kuufungua mfereji kwa siri ndiko kuliniumbua kuliko kule kuupunguza.

Na nyinyi mliokuwapo, kama kuna mahali nimepindisha, nisahihisheni, sitanuna. Mimi nimeandika kwamba Daktari aliuliza kama chupa imejaa ndipo akatoa firigisi. Barasa anabisha, anasema aliitoa kwanza, kabla ya kuuliza. Mimi nilikuwa naangalia uso wa mjukuu wangu, sikuwa naangalia mikono ya Daktari, kwa hivyo aliyeona vizuri anieleze.